Nani kakutuma usugue bunduki ya babu?

Mpenzi msomaji, kama uliwahi kulipa kiingilio kwenye banda la video, basi bunduki hii unaijua hata kama jina lake hulijui. Ni ile ya sinema za kauboi. Stelingi yuko juu ya farasi, kofia haianguki, anachezesha mkono krak-krak, maadui wanadondoka kama maembe ya msimu na risasi haziishi ng'o! Sisi tukitoka pale tulikuwa tunakata vijiti vya mhogo, tunauana vichochoroni mpaka mama amwite mtu kwa majina yake yote matatu.

Basi bwana, bunduki hiyo ipo kweli. Ina ukoo wake, ina historia yake chafu na safi, na ina wapenzi wanaoihangaikia kama wengine wanavyohangaikia njiwa au Vespa za zamani. Mimi nimekaa nyumba moja na mmoja wao kwa miaka miwili, huko Pennsylvania, Marekani, nilipokwenda kusoma. Nilipanga chumba cha juu. Chini alikaa yeye na mkewe, na bunduki 19.

Kumi na tisa! Hapa Bongo ukikutwa na moja tu bila kibali, Segerea inakusubiri na uji wake. Kule mwenzetu alikuwa nazo kwenye kabati la chuma zito kuliko friji tatu, na ufunguo kauvaa shingoni kama hirizi. Wiki ya kwanza sikulala vizuri, nisidanganye. Mtoto wa Kiswahili, mweusi tii, kwenye mji mdogo wa wazungu, halafu mwenye nyumba ana silaha za kutosha kupindua serikali ya kisiwa.

Alikuwa mtu wa miaka 70 na ushee, fundi mitambo mstaafu. Alinitaka nimwite kwa jina lake la kwanza, kama ilivyo kwao. Mdomo uligoma. Nikamwita "Mzee". Akaniuliza maana yake, nikamweleza, akalipenda mno, na baada ya mwezi mkewe naye akawa anaita, "Mzee, chakula tayari!"

Ni Mzee huyo aliyenifundisha kwamba ile krak-krak ya kwenye sinema ina kazi. Chini ya bunduki, pale triga ilipo, kuna mkono wa chuma wenye tundu la kuingiza vidole. Waliosoma fizikia watasema ni wenzo. Unausukuma chini na mbele, ganda tupu linaruka nje. Unaurudisha juu, risasi mpya imeshaingia kwenye mtutu na nyundo ya nyuma imekaa tayari. Yote hayo bila kuitoa bunduki begani. Risasi zenyewe zimelala ndani ya bomba lililo chini ya mtutu, moja nyuma ya nyingine, kama watu kwenye foleni ya daladala.

Foleni hiyo ina kasheshe yake. Ncha ya risasi ya nyuma inagusa kitako cha ile ya mbele, na kwenye kitako ndiko kuna kidude kinachowasha baruti. Ukiweka risasi zenye ncha kali kama sindano, mtikisiko mmoja unaweza kuilipua ya mbele humo humo kwenye bomba. Ndiyo maana risasi za bunduki hizi zilitengenezwa na kichwa bapa au cha mviringo, na kichwa bapa hakipasui hewa vizuri, kwa hiyo hakifiki mbali kwa nguvu. Miaka ya 2000 kampuni ya Hornady ilitoa risasi zenye ncha laini kama mpira kumaliza tatizo hilo, lakini Mzee hakuzitaka. "Kama yuko mbali," alisema, "msogelee."

Shika neno hilo, tutalihitaji mbele.

Chimbuko lake ni hivi. Mwaka 1860 fundi mmoja aitwaye Benjamin Tyler Henry alitoa bunduki ya namna hii iliyobeba risasi 16, na hapo askari wengi waliopigana vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 mpaka 1865, walikuwa bado wakishindilia baruti kwenye mdomo wa mtutu kama mwindaji wa gobore kule kwetu Tabora. Bosi wa Henry alikuwa Oliver Winchester, mtengenezaji wa mashati! Mashati yakamletea mtaji, mtaji ukaleta kiwanda cha bunduki pale New Haven, Connecticut, na mwaka 1866 jina la Winchester likagongwa kwenye chuma. Ikaja ya 1873, ambayo zilitoka zaidi ya laki saba. Halafu ikaja ya 1894, kazi ya John Moses Browning, bwana mmoja wa Ogden, Utah, mwenye kichwa cha ajabu. Hiyo ya 1894 imetengenezwa zaidi ya milioni saba. Kiwanda cha New Haven kilifungwa mwaka 2006, na siku hizi zinatengenezwa Japani. Mwambie hivyo Mzee uone anavyokunja uso.

Na kwa wapenda mizimu, mke wa mtoto wa Oliver, Sarah, alipofiwa na mume alihamia San Jose, California, akajenga nyumba akiipanua na kuipanua mpaka alipokufa mwaka 1922. Ina vyumba kama 160, ngazi nyingine zinaishia kwenye dari. Mtaani walisema anakimbia roho za waliouawa na bunduki za ukweni. Wanahistoria wanasema hayo mengi ni chumvi ya wauza tiketi. Mimi nimesikia yote mawili, nimenyamaza.

Kinachonikera kwenye sinema zile ni kitu kingine. Waliotuonyesha Wahindi Wekundu wakirusha mishale huku kauboi peke yake ndiye mwenye Winchester walituuzia mbuzi kwenye gunia. Juni 1876, kwenye mto Little Bighorn, Montana, kamanda wa sifa aitwaye Custer, aliyekuwa na cheo cha luteni kanali, alikufa na zaidi ya askari 200. Askari wake walikuwa na bunduki za risasi moja moja. Mwaka 1983 moto uliunguza nyasi za uwanja ule, watafiti wakaingia kuokota maganda, na wakakuta Walakota na Wacheyenne walikuwa na Henry na Winchester za kutosha. Stelingi alikuwa upande wa pili, jamani!

Na kuna dada mmoja, Ida B. Wells, mwandishi wa habari mweusi aliyepigania watu wake waliokuwa wakinyongwa na makundi huko kusini mwa Marekani. Mwaka 1892 aliandika akiwashauri Weusi wawe na Winchester nyumbani, kwa sababu sheria haikuwalinda. Nilimsomea Mzee habari hiyo usiku mmoja. Alinyamaza muda, akasema hakuwahi kuisikia, na kwenye vitabu vyake vya Winchester, rafu nzima, haikuwamo. Kesho yake aliniomba nimwandikie jina la huyo dada kwenye karatasi.

Hata kwetu huku zilifika. Aprili 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alishuka Mombasa na mwanawe Kermit na shehena ya bunduki. Mojawapo ilikuwa Winchester ya 1895, ya risasi nene zinazoitwa .405, ambayo aliisifu kuwa ni dawa ya simba. Kwa hesabu yao wenyewe baba na mwana waliua wanyama 512, wengi wakapelekwa makumbusho ya Smithsonian kule Washington. Waliobeba mizigo na bunduki walikuwa Waafrika kwa mamia, wengi wakisema Kiswahili hiki hiki ninachokuandikia, nao walimwita Bwana Mkubwa. Mzee alikuwa na bunduki ya aina hiyo. Aliponipa niishike nilihisi uzito wake begani kabla ya mikononi. Nikamwambia, "Mzee, babu zangu wangeweza kuijua hii kwa kuibeba tu." Akacheka, lakini si sana.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe, yaani kukusanya.

Mkusanyaji hanunui bunduki kama wewe unavyonunua kiatu Kariakoo. Anaigeuza, anachungulia skrubu kama mtu kaziparuza kwa bisibisi mbovu. Anasoma namba, kwa sababu namba ndiyo cheti cha kuzaliwa: iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla, sheria ya Marekani inaihesabu kuwa kitu cha kale. Kama ni Winchester ya zamani anaweza kuandika barua makumbusho ya mji wa Cody, Wyoming, ambako daftari za kiwanda zimehifadhiwa, wakamjibu ilitoka lini na ikiwa na mtutu wa aina gani. Akikuta ya 1894 anauliza kwanza, ni ya kabla ya 1964? Mwaka huo kiwanda kilibadilisha utengenezaji ili kupunguza gharama, na wapenzi hawajasamehe mpaka kesho.

Lakini amri kuu ni moja: usisugue. Chuma cha bunduki hizi hutoka kiwandani na rangi ya bluu nyeusi. Miaka inaila, inakuwa kahawia, kijivu, mahali pengine nyeupe. Kwa wewe na mimi ni uchakavu. Kwao ni dhahabu. Ukipiga msasa na kupaka rangi upya, bei inaweza kushuka hata nusu.

Mwaka 2014, Novemba, kwenye hifadhi ya Great Basin, jimbo la Nevada, mtafiti mmoja aliona kitu kimeegemea mti. Winchester ya 1873, iliyotengenezwa mwaka 1882! Mwenyewe aliiegemeza pale akaenda zake, na hakurudi. Kitako kimepasuka na kuwa kijivu kama kuni, kimezama ardhini, mtutu una kutu. Walipoipeleka Cody kutibiwa hawakuing'arisha. Waliimarisha mbao zisizidi kumeguka, basi. Leo iko kwenye kioo hifadhini, na ubovu wake wote. Mzee alikuwa na picha yake jikoni, karibu na picha ya ndoa.

Elewa hayo ndipo uelewe kilichotokea mwaka 2016.

Kati ya zile 19, moja haikuwa ya mkusanyiko. Ilikuwa ya 1894, ya miaka ya 1920, aliyoinunua babu yake Mzee, mchimba makaa ya mawe. Babu akampa baba, baba akampa yeye. Chini ya kile kiwiliwili cha chuma, mbele kidogo ya triga, pana mahali ambapo bunduki inakaa sawa ukiibeba kwa mkono mmoja. Pale rangi ilikuwa imeliwa kabisa, chuma kimebaki cheupe na laini kama sarafu ya zamani. Ni viganja vitatu vilivyoila, kwa miaka karibu 90. Mzee alinishikisha pale siku moja, vidole vikaingia vyenyewe.

Kiangazi hicho Mzee alilazwa siku nne kwa ajili ya goti. Aliiacha bunduki hiyo kwenye meza ya ufundi, tupu, haina hata risasi moja, alikuwa akisafisha mtutu. Mjukuu wake wa kiume, miaka 13, akaja kukaa na bibi. Dogo ana akili ya mikono, na anampenda babu yake kupita maelezo. Akaomba ruhusa kwa bibi amfanyie babu sapraizi. Bibi naye, ambaye miaka yote hiyo alikuwa akiona kutu tu, akasema fanya.

Dogo alipiga msasa siku tatu. Akanunua rangi ya chuma dukani, akapaka. Kitako akakipiga vanishi mpaka ukawa unajiona meno. Nilipotoka chuo jioni nikaikuta mezani inang'aa kama sufuria ya harusi. Tumbo likanicheza. Bibi akaniuliza, "Si nzuri?" Nami ni mpangaji, ningesema nini?

Mzee akarudi na magongo. Dogo akaifunua kitambaa. Mzee aliiangalia, akaigeuza, kidole gumba kikaenda moja kwa moja pale chini, pale mahali. Kikakaa pale. Nyeusi tii, safi, haina mtu. Saa ya ukutani ilisikika, we acha tu.

Akasema, "Umefanya kazi kubwa." Akamkumbatia. Akaenda gereji, akakaa huko mpaka usiku.

Baadaye nilimpelekea chai. Nilitegemea azungumzie bei, kwa sababu hao jamaa kila kitu wanakijua kwa dola. Hakugusa. Aliniambia kitu kimoja tu, kwamba baba yake alifariki yeye akiwa kazini mbali, na kwamba kila Novemba akiibeba ile bunduki alikuwa anaona kama wameshikana mkono. Halafu akaniuliza mambo ya mtihani wangu.

Wenzake walipopata habari, simu zilipigwa. Mmoja alitaka ampeleke kwa fundi arudishe uchakavu wa bandia. Ndugu msomaji, wapo mafundi wa kuchakaza! Mzee alikataa kwa neno ambalo gazeti hili haliwezi kulichapa.

Novemba ikafika. Pennsylvania wakati ule msimu wa kulungu kwa bunduki ulifunguliwa Jumatatu baada ya sikukuu yao ya Shukrani, kabla hawajahamishia Jumamosi mwaka 2019. Siku hiyo shule nyingi za vijijini hufungwa, usicheze. Jumatatu ya tarehe 28 tukaamka saa kumi alfajiri, baridi ya kukata masikio. Mimi sikuwa na leseni wala bunduki, nilikwenda kama mtazamaji, nimevishwa koti na kofia ya rangi ya chungwa inayowaka kama vesti za bodaboda. Ni lazima, ili usidhaniwe mnyama. Kwa jinsi nilivyo niliomba niongezewe na nyingine.

Na Mzee alifungua kabati, akapita zote nzuri, akatoa ile iliyosuguliwa. Akampa dogo. "Ibebe hapa," akamwonyesha, chini, mbele ya triga.

Tulikaa juu ya kilima kidogo chenye mialoni. Wenzetu kwenye gari walikuwa na bunduki zenye darubini kubwa kama chupa ya chai, za kumtoa mnyama roho akiwa ng'ambo ya bonde. Sisi tulikuwa na ncha mbili za chuma za kulengea, macho ya mzee wa miaka 70 na macho ya mtoto. Saa tatu asubuhi wakapita majike watatu na dume kwenye ukingo wa pori, kama mita 200. Dogo akaniangalia, akamwangalia babu. Babu akatikisa kichwa. Wakapita taratibu, wakiwa na uhai wao. Nilianza kuwa na hasira kwa niaba ya tumbo langu, vidole vya miguu nilishavisahau.

Saa tisa alasiri dume mwingine akaja mwenyewe akinusa, mpaka hatua kama 50. Kwa umbali huo unaona mvuke wa pua yake. Nilimwona dogo anatetemeka, ncha ya mtutu inaandika herufi hewani. Mzee aliweka mkono mgongoni kwake, hakusema kitu. Ncha ikatulia.

Mlio wake si wa sinema. Unaingia kifuani. Kulungu aliruka akakimbia, na dogo, bila kuambiwa, krak-krak, ganda likaruka, risasi ya pili tayari. Hapo ndipo Mzee alipomshika bega kwa nguvu. "Hapana. Subiri."

Yaani bunduki yenyewe imetengenezwa ili usisubiri! Ndiyo sifa yake tangu 1860. Lakini kupiga mnyama anayekimbia msituni, na watu wamo humo humo, kwa Mzee ilikuwa dhambi. Tukakaa nusu saa kwa saa. Halafu tukafuata damu, tukamkuta amelala hatua 60 kutoka pale. Risasi moja ilitosha. Dogo alilia. Hakuna aliyemcheka, hata mimi niliyezoea kuona kuku wa Krismasi anafukuzwa uwanja mzima.

Mzee alimfundisha kupasua, kutoa matumbo bila kuchafua nyama, kufunga lebo ya leseni sikioni. Kazi ya kuburuta tukasaidiana mimi na dogo, goti la Mzee halikuruhusu. Paja moja nilipewa mimi. Nililiungia tui la kopo na bizari niliyotumiwa kutoka Tanga, na bibi aliongeza mara mbili.

Mwaka 2018, kabla sijarudi nyumbani, Mzee alianza kuziuza. Watoto wake wako miji mikubwa, hawazitaki. Akapeleka 14 mnadani, ile ya simba ikiwemo, na dalali aliyekuja kuzikagua akaiona ya 1894 kabatini. Akaitoa, akaigeuza, akaguna. "Hii wameiharibu," akasema. "Nikupe dola 200 uondokane nayo?"

Mzee akamwambia ina mwenyewe, na leo yuko shuleni.

Niliishika siku ya kuondoka, nikatazama pale chini. Misimu miwili ilikuwa imepita. Nilisogea dirishani kwenye mwanga. Bado nyeusi, ila kwenye kona moja ya chuma, pale kidole kirefu kinapokunja, kulikuwa na kijistari cheupe chembamba kama uzi.